Besi mkubwa amenasa na uko peke yako ukingoni: kumtoa majini bila kumpoteza wala kumuumiza

UkingoMpole (#1)

Wakuu, salaam.

Nyuzi za besi wa mdomo mkubwa (largemouth bass) karibu zote zinabishana kuhusu chambo. Huu naomba tuuweke kwa jambo lisilopewa nafasi ya kutosha: samaki mzito kuliko wote uliowahi kuwavua amenasa, uko ukingoni peke yako, hakuna wa kukushikia wavu. Unamtoaje majini akiwa mzima?

Msimamo wangu ni kwamba mahali pa kumtolea samaki huchaguliwa kabla ya kurusha, si baada ya kunasa. Anayevua kwenye mashua ana maji pande zote na wavu uko miguuni pake. Wa ukingoni ana matete mbele, jiwe linaloteleza chini ya kiatu na tawi juu ya kichwa. Akianza kutafuta upenyo huku fimbo imepinda, macho yanahamia miguuni, mshipi unalegea, samaki anatikisa kichwa mara moja na kazi imekwisha.

Kwa hiyo ukifika, kabla hujafunga chambo, tafuta sehemu yenye mteremko mdogo na maji ya kina cha sentimita 30 hadi 60. Pakiwa pafupi zaidi ya hapo samaki anajigonga kwenye tope na mawe, na pakiwa na kina zaidi utashindwa kuingiza wavu chini yake ukiwa umepiga goti. Halafu itembee njia ya kutoka unapovulia hadi pale, mara moja bila fimbo, uondoe matawi makavu na ujue mashimo yako wapi. Kisha angalia kama kuna uwazi wa maji wa mita moja na nusu au mbili katikati ya magugu. Kama ukingo wote umezibwa, usivue pale ukiwa peke yako na mshipi mwembamba. Utakayemnasa ataondoka na ndoano mdomoni na mshipi unaoburuta nyuma yake.

Wavu unakaa pale pa kumtolea, si pale ulipoweka mkoba. Mpini uelekee nchi kavu, mdomo wa wavu uwe ukingoni, na wavu wenyewe uwe umeshalowa. Wavu mkavu huelea kwa sekunde zile zile unazotaka uzame. Koleo lenye mdomo mrefu, mkasi wa kukatia waya, mizani na futi ya fundi cherehani vikae mwilini mwako, kwenye mshipi wa kiunoni au mfukoni, kwa sababu mkono mmoja utakuwa hauachii fimbo.

Maji yakiwa na mamba au kiboko, ushauri wote wa kupiga goti ukingoni hauhusiki. Hapo ni kuvulia kwenye gati refu, au kutovua kabisa.

Chubwi7 (#2)

Naunga mkono hoja. Naongezea mshipi, breki na fundo, maana ukingo mzuri hausaidii kama kitu kimojawapo kati ya hivyo ni kibovu.

Kwenye magugu mazito na magogo tumia mshipi wa kusukwa wenye nguvu ya ratili 50, yaani unaokatika kwa mvuto wa kama kilo 23. Kwenye maji wazi na maangavu, florokaboni (mshipi wa uzi mmoja usioonekana kirahisi majini) ya kilo 6 au 7 inatosha. Katikati ya hali hizo mbili, mshipi wa kusukwa wa kilo 14 ukiunganishwa mbele na kipande cha florokaboni ya kilo 7 hadi 9, urefu wa mita moja hadi moja na nusu. Fimbo ya futi 7 (sentimita 213), ngumu kiasi, ndiyo inayofaa kwa mtu wa ukingoni: ndefu vya kutosha kuvusha mshipi juu ya matete, na fupi vya kutosha kumfikisha samaki kwenye wavu ulioushika mwenyewe.

Breki ya rili, yaani mkazo unaoamua kigurudumu cha kukunjia mshipi kiachie kwa nguvu gani, iwe kati ya robo na theluthi ya nguvu ya mshipi. Kwa florokaboni ya kilo 7 ni kilo 1.8 hadi 2.3. Usipime kwa kuvuta mshipi kwa vidole hapo karibu na rili, maana kipimo hicho kinaruka msuguano wa pete za fimbo. Funga kitanzi mwishoni mwa mshipi, kiingize kwenye mizani iliyofungwa kwenye mti, inua fimbo nyuzi 45, vuta taratibu hadi rili ianze kuachia, kisha soma. Ukimaliza kuvua, legeza breki. Visahani vya ndani vikikaa vimebanwa kwa wiki nyingi huanza kushikana, na rili hiyo itahitaji nguvu kubwa kuanza kuachia kuliko kuendelea kuachia. Mshipi unakatika katika mshtuko ule wa mwanzo.

Fundo: Palomar. Kunja mshipi sentimita 15 uwe mara mbili, pitisha mkunjo kwenye tundu la ndoano, funga fundo la kawaida bila kulikaza, pitisha ndoano nzima ndani ya kitanzi kilichobaki, lowesha kwa mate, kisha vuta pande zote mbili pamoja hadi likae. Acha milimita 3 za ncha. Makosa ni mawili. La kwanza ni nyuzi mbili kupandana ndani ya fundo. Ukiona zimepandana, kata ufunge upya. La pili ni kukaza bila kulowesha, kwani msuguano huzalisha joto, na nailoni na florokaboni hudhoofika kwa joto hilo hata kama fundo linaonekana zuri kwa macho.

Baada ya kila samaki na kila mara chambo kikikwama, pitisha mita moja ya mwisho ya mshipi kati ya vidole. Ukihisi mkwaruzo, kata nusu mita ufunge upya. Usijiambie utafanya baadaye.

MateteNaGogo (#3)

Mkuu Chubwi7, hesabu ya robo hadi theluthi naikubali kwenye maji wazi tu. Kwenye gogo, besi wa kilo tatu akipewa mita moja ya mshipi katika sekunde mbili za kwanza ameshazunguka tawi. Hapo breki hukazwa hadi mwisho na samaki anageuzwa kichwa papo hapo. Wanaolegeza breki kwenye magogo wanapoteza samaki kwa kufuata kanuni ya mahali pengine.

Chubwi7 (#4)

Hatupingani sana ndugu. Kwa mshipi wa kilo 23, theluthi yake ni zaidi ya kilo 7, na mtu aliyeshika fimbo ya futi 7 hawezi kushikilia uzito huo kwa muda. Kivitendo, kilo 4 hadi 5 kwenye mizani ni breki iliyofungwa. Ila ukikaza hivyo, sehemu dhaifu inahama kutoka kwenye mshipi kwenda kwenye ndoano na nyama ya mdomo. Ndoano ya waya mwembamba hunyooka, na tundu kwenye mdomo hupanuka hadi ndoano ichomoke yenyewe. Anayekaza breki kwa ajili ya magogo lazima awe na ndoano kubwa ya waya mnene, saizi 4/0 au 5/0. Ndoano ndogo zenye ncha tatu zinazokuja na vyambo bandia vigumu hazifai kwa kazi hiyo.

Na samaki akishatoka kwenye gogo, kile kilichomwokoa mvuvi dakika moja iliyopita sasa kinamhatarisha. Mshipi wa kusukwa hautanuki, na umebaki mfupi. Legeza kidogo kabla hajafika mita tano, au achia kwa kidole kwenye rili kila anapokimbia.

MateteNaGogo (#5)

Hapo kwenye waya wa ndoano umesema kweli kabisa. Niongeze jaribio la ukali: weka ncha juu ya ukucha wa kidole gumba na uvute bila kubonyeza. Ikikwama, ni kali. Ikiteleza, inoe au itupe. Mdomo wa besi mkubwa una mfupa sehemu nyingi, na ndoano butu hukaa juu ya mfupa bila kupenya. Unadhani amenasa, kumbe ameibana tu.

FutiSaba (#6)

Tuingie kwenye pambano lenyewe.

Besi akidona mnyoo wa plastiki uliowekwa kwenye ndoano iliyofichwa, shusha ncha ya fimbo, kusanya mshipi uliolegea haraka, kisha piga, yaani vuta fimbo ghafla ili ndoano ipenye, kwa mwendo mmoja mrefu wa mwili mzima. Kupiga mshipi uliolegea ni kupiga hewa. Akila chura wa plastiki juu ya magugu, usipige kwa sababu ya kishindo cha maji. Subiri uhisi uzito, kama sekunde moja, ndipo upige. Wengi wanamnyang'anya samaki chambo kabla hajafunga mdomo.

Sasa kuruka. Ukiona mshipi unapanda kuelekea juu ya maji, anakuja kuruka. Shusha ncha ya fimbo upande mmoja, hata iingie majini, na uendelee kuzungusha rili. Besi akiwa hewani hutikisa kichwa mdomo ukiwa wazi, na chambo kizito humsaidia: jigi (ndoano yenye risasi kichwani) ya gramu 14 au chambo kigumu kinayumba kwa uzito wake na kuipanua njia ya ndoano. Huwezi kumzuia kila mara, lakini fimbo iliyo chini inampunguzia urefu wa mruko na mshipi unabaki umekaza.

Akiingia kwenye magugu, usivute kwa mishtuko. Shikilia mkazo mmoja. Mara nyingi kichwa kikishafunikwa na majani hutulia, na rundo zima linakuja polepole. Akigoma kabisa, badilisha pembe: tembea ukingoni hadi uwe unamvuta kuelekea kule alikoingilia. Njia ya mwisho ni kumwelekezea fimbo moja kwa moja, kuzuia rili kwa kiganja na kurudi nyuma kwa miguu. Usizungushe mshipi wa kusukwa mkononi hata mara moja, hata ukiwa na glavu nyembamba. Unakata nyama kama wembe.

Pambano lisirefushwe. Misuli ya samaki inayofanya kazi kwa nguvu bila oksijeni ya kutosha hujaa asidi ya laktiki, na kwenye maji ya moto, yenye oksijeni kidogo, anaweza kuondoka akiogelea na kufa baadaye. Vifaa vizito kiasi ni huruma kwa samaki.

UkingoMpole (#7)

Asante FutiSaba. Naomba umalizie mita mbili za mwisho, maana uzi umefunguliwa kwa ajili yake.

FutiSaba (#8)

Nakuja.

Akiwa mita sita au saba, anza kutembea kuelekea mahali pako pa kumtolea. Usisubiri afike miguuni ndipo uhame. Piga goti moja. Mtu aliyesimama wima ukingoni anaonekana kwa samaki kutoka mbali, na besi akiuona mwili au wavu hupata nguvu mpya. Tarajia angalau mbio moja zaidi na uwe umeshaiandalia breki.

Acha mshipi unaolingana na urefu wa fimbo kutoka kwenye ncha hadi kwa samaki, kama mita mbili. Watu wanakosea hapa kwa kuzungusha rili hadi samaki yuko nusu mita kutoka kwenye ncha, kisha wananyanyua fimbo wima ili wamfikie. Fimbo ikipita wima na kuelekea nyuma ya bega, mpindo wote unahamia sentimita 40 za juu, ambazo ni nyembamba kuliko zote, na zinakatika. Kosa lingine ni kushika fimbo katikati yake ili kupata nguvu. Ukifanya hivyo umeufanya mpini wake kuwa mgumu na umeiondolea uwezo wa kupinda chini ya mkono wako. Shika mpini tu.

Mkono wenye fimbo unyooke nyuma na pembeni, juu ya bega. Mkono mwingine unazamisha wavu, mdomo wake ukiinama nyuzi 45, na unakaa hapo bila kutikisika. Samaki huletwa kwenye wavu. Wavu haumfuati samaki. Aingie kwa kichwa. Ukimkamata kwa mkia, mguso wa kwanza unamfanya apige mbele na anatoka. Na wavu ukigusa ndoano ya nje ya chambo cha ncha tatu kabla samaki hajaingia, chambo kimefungwa kwenye wavu naye anakitumia kama nanga ya kujichomolea. Kwa hiyo subiri hadi kichwa kipite ukingo wa wavu, shusha ncha ya fimbo kidogo ili aangukie ndani, ndipo uinue.

Usiinue kwa kushika mwisho wa mpini. Wavu wenye mpini wa mita mbili na samaki wa kilo nne mbele unavunjika pale mpini unapoungana na duara. Vuta mpini nyuma ukiuteleza ardhini hadi mkono ufikie duara lenyewe, kisha shika duara.

Halafu tulia. Samaki aliye ndani ya wavu majini yuko salama. Achia mshipi ulegee, weka fimbo chini mahali ambapo hutaikanyaga, na wavu ubaki majini.

Mkia_Mpana (#9)

Mkuu, na asiye na wavu? Wengi wetu tunatembea kilomita kadhaa ukingoni na wavu unanasa kila kichaka.

MateteNaGogo (#10)

Kumshika taya inawezekana kwa ndoano moja tu, na ukiwa unaona ilipokaa. Subiri alale ubavu, ingiza kidole gumba ndani ya mdomo wa chini na ukunje vidole vingine nje ya kidevu, kaza, basi. Meno ya besi ni kama msasa, hayakati. Ila chambo chenye ndoano za ncha tatu kikiwa mdomoni, usiingize mkono kabisa. Samaki mzito akitikisa kichwa, ndoano ya pili inaingia kidoleni, na sasa umefungwa na mnyama anayepigana.

Kumnyanyua kwa fimbo sahau kwa mkubwa. Majini uzito wake karibu wote unabebwa na maji. Akitoka hewani kilo tatu zinaning'inia zote kwenye tundu dogo la ndoano, na akitikisa kichwa nguvu inazidi. Kuna njia ya kumteleza kwenye nyasi zilizolowa kwa kumfuatisha kasi anayokuja nayo mwenyewe, mvuto mmoja bila kusimama. Kwenye mchanga na changarawe usifanye, maana ute wa ngozi unaomkinga dhidi ya kuvu na bakteria unabaki ardhini.

Lakini jibu la kweli ni wavu wa raba unaokunjwa, unaobebwa mgongoni kwa kamba. Raba haiondoi ute, haipasui mapezi na ndoano hazinasi sana. Duara liwe na upana wa sentimita 50 au zaidi. Wavu wa samaki mdogo ni mbaya kuliko kutokuwa na wavu, kwa sababu mkubwa ataingia nusu tu.

Chubwi7 (#11)

Kwenye kuta ndefu za mabwawa na magati, pima kwanza umbali wa kutoka miguuni pako hadi majini. Ukiwa zaidi ya mita moja na nusu unahitaji mpini wa mita tatu, au mpango wa kutembea na samaki hadi kwenye mteremko. Kutembea naye ni kuzuri: fimbo pembeni, mkazo mmoja, unamwongoza sambamba na ukuta naye anachoka njiani. Usilale kifudifudi ukingoni mwa ukuta ukiwa peke yako kujaribu kumfikia. Hakuna samaki wa thamani hiyo.

Mkia_Mpana (#12)

Nimeelewa. Lakini tunazungumza kana kwamba ameshanasa. Mkubwa anakaa wapi kwa mtu asiye na mashua?

UkingoMpole (#13)

Karibu kuliko watu wanavyodhani. Mara nyingi yuko ndani ya mita tatu kutoka nchi kavu, na mvuvi anamtimua kwa kukanyaga ukingo kwa kishindo kisha anarusha mita 40 juu ya kichwa chake.

Simama mita mbili au tatu nyuma ya ukingo kwa mirusho ya kwanza. Mishindo ya miguu inapita ardhini hadi majini. Kivuli chako kisifike kwenye maji. Rusha kwanza sambamba na ukingo, nusu mita hadi mita mbili kutoka nchi kavu, kushoto na kulia, kisha panua polepole kuelekea katikati. Ukianza na mrusho wa mbali, samaki utakayemvuta atapita kwa vurugu juu ya wote waliokuwa karibu.

Pa kutazama: ncha ya nchi kavu iliyochomoza majini, pembe ya ukuta wa bwawa, mdomo wa mfereji unaoingiza maji, mti ulioanguka wenye kina upande mmoja, na mstari ambapo magugu yanaishia ghafla. Upepo ukiupiga ukingo ulio upande wako, huo ndio ukingo wa kuvulia hata kama kurusha ni kugumu. Unasukuma vijidudu, vijidudu vinaleta samaki wadogo, wadogo wanamleta mkubwa, na maji yaliyovurugika juu yanakuficha. Saa za mwanga hafifu, alfajiri na machweo, zina faida kwake kwa sababu anawinda kwa kuvizia.

Chambo cha kuanzia: mnyoo wa plastiki wa sentimita 18 hadi 25, ndoano 4/0, chubwi la gramu 5 hadi 10 linaloteleza huru kwenye mshipi. Choma ncha kwenye kichwa cha mnyoo kwa kina cha sentimita moja, itoe ubavuni, vuta hadi tundu la ndoano liingie kichwani, geuza, kisha choma mwilini hadi ncha ifike chini ya ngozi ya upande wa pili. Mnyoo lazima unyooke. Ukijikunja, unazunguka majini na kusokota mshipi.

Ombi moja. Besi wakubwa sana karibu wote ni majike. Maji yanapofika takriban nyuzi 15 hadi 20 za Selsiasi huingia maji mafupi kutaga, na dume hubaki kulinda kiota. Ukiona duara safi lililofagiliwa chini ya maji na samaki juu yake, mwache. Dume akiondolewa, samaki wadogo wanayavamia mayai mara moja.

Ratili_na_Gramu (#14)

Naomba nishughulikie upimaji, kwa sababu "mkubwa kuliko wote" ni dai la namba, na namba hizi hukosewa sana.

Mizani kwanza. Kabla ya kutoka nyumbani, itundikie chupa ya maji ya lita mbili. Maji ni kilo 2 na chupa yenyewe ni gramu chache, ikisoma 2.2 una mizani ya uongo. Ukingoni mpime samaki akiwa ndani ya wavu wenye mpini unaochomoka, au ndani ya mfuko laini uliolowa, kisha mwachie majini na upime wavu mtupu. Toa uzito wa wavu uliolowa, si mkavu. Usimtundike kwa ndoano ya mizani kupitia matamvua. Huko ndiko anakopumulia, na mshipa ukichanika hapo hapati nafuu.

Kama mizani haipo, tumia futi. Urefu ni kutoka mdomo uliofungwa hadi ncha za mkia zilizobanwa pamoja. Mzingo upimwe mahali palipo panene zaidi, karibu na mwanzo wa pezi la mgongoni, bila kukaza futi. Zidisha urefu kwa mzingo, kisha kwa mzingo tena, gawanya kwa 29. Vipimo vikiwa kwa sentimita, jibu ni gramu. Samaki wa sentimita 55 mwenye mzingo wa 42: 55 × 42 × 42 ni 97,020, ukigawanya kwa 29 ni kama gramu 3,345. Ni makadirio. Mwandikie "takriban". Kosa la sentimita moja kwenye mzingo hapo linabadilisha jibu kwa gramu 160 hivi, kwa hiyo mzingo ndio wa kupima mara mbili.

Usahihi huu unaonekana hata kwenye kilele. George Perry alivua besi wa kilo 10.09 katika jimbo la Georgia, Marekani, tarehe 2 Juni 1932. Tarehe 2 Julai 2009 Manabu Kurita akavua wa kilo 10.12 katika Ziwa Biwa, Japani. IGFA, chama kinachotunza rekodi za dunia, kiliwaandika kuwa wamefungana, kwa sababu kanuni yake inataka rekodi ya samaki wa uzito huo ipitwe kwa angalau aunsi 2, yaani gramu 57 hivi, na tofauti yao haikufika hapo.

FutiSaba (#15)

Picha ukiwa peke yako: simu iwe imeshasimamishwa kwenye stendi yake ya miguu mitatu kabla ya kuanza kuvua, ikitazama mahali pa kumtolea. Samaki akiwa kwenye wavu majini, washa video, si picha ya kuhesabu sekunde. Lowesha mikono yote miwili. Mnyanyue mmoja ukishika taya na mwingine chini ya tumbo, karibu na pezi la nyuma, hesabu hadi tano, mrudishe. Picha utaichagua kutoka kwenye video. Kumshika mlalo kwa taya peke yake, huku mwili wa kilo nne ukining'inia, kunaumiza kiungo cha taya, na besi mwenye taya lililoharibika hawezi kuwinda. Muda wote wa hewani usizidi sekunde 30. Ukihitaji kurudia, mrudishe kwanza apumue.

MateteNaGogo (#16)

Kuhusu ndoano iliyomezwa. Ukiona tundu la ndoano tu kooni, usiingize koleo na kusokota. Ukiweza kuinua kifuniko cha matamvua na kulifikia shina bila kugusa nyuzi nyekundu, legeza mshipi, sukuma shina kuelekea nyuma ili ndoano ipinduke, na mara nyingi inaachia yenyewe kisha unaitoa kwa mdomo. Ikigoma mara ya pili, kata mshipi karibu kabisa na tundu na umwache aende. Kuiacha ndoano ni bora kuliko kumng'oa koo. Dawa halisi ni kupiga mapema.

Na ndoano ikiingia mwilini mwako huku samaki bado amening'inia upande wa pili: kata ndoano itengane na samaki kabla ya kitu kingine chochote. Ndiyo maana mkasi wa waya unakaa mwilini. Njia ya kuichomoa kwa kamba iliyozungushwa kwenye mkunjo wa ndoano inahitaji mikono miwili, kwa hiyo ikiwa imeingia mkononi na uko peke yako, funika jeraha, usiiguse, nenda kituo cha afya. Karibu na jicho au kwenye kiungo, usijaribu hata ukiwa na msaidizi. Kuviponda vijino vya ndoano kwa koleo kabla ya kuvua kunaondoa sehemu kubwa ya shida hii, na samaki hapotei kama mshipi unabaki umekaza.

Mkia_Mpana (#17)

Swali la mwisho kwangu. Akirudishwa majini na akalala ubavu?

UkingoMpole (#18)

Mshike wima, mkono mmoja chini ya tumbo na mwingine kwenye taya, mdomo ukielekea maji yanakotoka kama yanatembea. Yakiwa yametuama, msogeze mbele polepole kwa mduara. Usimvute mbele na nyuma; maji yakiingia matamvua kwa nyuma hayampi oksijeni na yanaumiza nyuzi zake. Kama maji ya pembeni ni ya moto na yamejaa tope, ingia naye hadi magotini, kwenye maji mazuri zaidi, alimradi unaijua sakafu yake. Angalia mambo mawili: vifuniko vya matamvua vifunguke kwa mpangilio, na mwili ubaki wima ukilegeza mkono. Akianza kuubana mkono wako kwa mkia, mwachie. Inaweza kuchukua dakika kadhaa, na kwenye maji ya moto zaidi.

Kabla hujarusha tena, kata nusu mita ya mshipi na ufunge upya.